Msamaha kwa Wanaokuja

Kwenye basi, kiti cha nyuma yangu, seremala alikuwa amembana karani wa halmashauri. “Mkubwa, kiwanda cha magodoro mmekipa kiwanja bure na msamaha wa ushuru miaka kumi. Mimi niko hapa miaka ishirini, nina mafundi sita, nataka kuongeza wawili. Mtanipa nini?”

“Fundi, msamaha ni wa kuvutia wawekezaji. Wewe umeshafika. Tukuvute kutoka wapi?”

“Na nikihamia wilaya ya jirani?”

“Hapo tutakuandikia barua ya kukubembeleza urudi.” Alisema hivyo bila hata kutabasamu, kama anayesoma ratiba ya kuzoa taka.

Basi likasimama mpakani mwa wilaya. Seremala akabeba sanduku lake la randa na misumeno.

“Anza kuiandika,” akasema, akashuka.