Mbuyi Kabla ya Kabanga

Mheshimiwa Kamishna wa Zone ya Kamina, Mheshimiwa Hakimu, wakubwa wetu wa Base ya jeshi, mapadri na wachungaji, akina mama wa soko, ndugu wageni waalikwa: mimi Likoke, adjudant mstaafu na karani wa shule ya watoto wa Base, nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Wasio na cheo nawasalimu mara mbili, maana ndio waliobeba viti.

Tumekuja kufungua karakana ya Citoyenne Mianda Nkashama, mwanamke anayetengeneza programu za kompyuta hapa hapa Kamina. Na anauza nini? Hauzi programu nzima. Anauza vipande: kimoja kinapanga majina, kingine kinakagua tarehe za kuzaliwa, na ofisi yoyote hukiunganisha na kazi yake bila kuanza upya. Kipande huja kimefungwa. Kinafanya kazi, lakini ndani huoni kitu. Maandishi yake ya asili, yale aliyoyatunga mstari kwa mstari, hubaki kwake, kwa sababu mwenye kuyapata anaweza kukigeuza kipande na kukiita chake.

Mwaka juzi alifanya kosa moja, kosa la moyo mwema. Bwana mmoja wa Kinshasa, mwenye ofisi Lubumbashi, alimwomba maandishi ya kipande cha majina, eti akilinganishe kipande na mashine yake. Mianda akampa disketi. Bwana akafuta jina la Mianda, akaweka lake, akauza. Kisha akatuandikia barua sisi wateja kwamba mwizi ni Mianda! Jina la bwana huyo silitaji leo. Yeye ndiye aliyeanza kufuta majina.

Na sisi tulifanya nini? Tulimfungia milango. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuondoa kazi yake shuleni. Niliamini barua yenye muhuri kuliko mtu niliyemfahamu miaka sita. Mama Mianda, nilikukosea, na naona aibu.

Mianda akamshtaki, na mahakamani wote wawili walileta karatasi zilezile za maandishi ya asili. Hakimu amwamini nani? Hapo nikakumbuka ujinga wangu wa zamani. Mwezi wa kwanza wa kutumia kipande kile cha majina, nilimwendea Mianda nimekunja uso: "Mama, mashini yako haiyue alfabeti! Inaweka Mbuyi mbele ya Kabanga!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mon adjudant, weye njo hauyue. Bale batoto ni mapasa. Mbuyi njo mukubwa, alitoka wa kwanza. Minyi siwezi kuandika mudogo mbele ya mukubwa yake!"

Mimi mtu wa mkoa wa Équateur, ningejuaje? Kwa Baluba wa Kasai, pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Mianda alikuwa ameifundisha mashine kwamba wakiwa watoto wa mama mmoja, waliozaliwa siku moja, Mbuyi atangulie na alfabeti isubiri.

Basi nikaomba ruhusa ya kusema. Bwana yule akaambiwa aingize majina hayo mawili katika mashine yake, mama mmoja, siku moja. Mashine ikatoa Mbuyi, kisha Kabanga. Hakimu akamuuliza, kwa nini? Bwana akajifuta jasho. "Iko erreur kidogo, Monsieur le Juge. Nitaitengeneza."

Erreur! Eti kosa! Karani wa mahakama, ambaye yeye mwenyewe anaitwa Mbuyi, aliweka kalamu chini. Mama mmoja huko nyuma akapaza sauti: "Mukubwa kutangulia, ile njo erreur?" Ukumbi mzima ukalipuka. Mheshimiwa Hakimu, ulijitahidi usicheke, lakini tulikuona. Ndugu zangu, ni nani anayeomba radhi kwa jambo bora kuliko yote katika kazi yake, isipokuwa yule ambaye kazi si yake?

Tulishinda! Jina la Mianda limeamriwa lirudishwe kila mahali lilipofutwa, na ofisi zote zilizomkimbia zimerudi, zingine zikitembea kwa ncha za vidole.

Tangu leo maandishi ya asili hapewi mtu. Lakini mnunuzi naye ana hofu yake ya haki: Mianda akiugua, akihama, nani atatutengenezea? Kwa hiyo maandishi yamo ndani ya bahasha yenye lakiri, kwa notaire, mtunza hati wa serikali. Itafunguliwa tu siku Mianda atakaposhindwa kufanya kazi, na hata siku hiyo jina lake halitafutwa. Kila mnunuzi atatia sahihi kwamba amekubali.

Jana aliniletea ofisini karatasi hiyo ya kukubali, niitie sahihi kwa niaba ya shule. Nilikataa. Nilimwondoa mbele ya watu, siwezi kumrudisha chumbani nimefunga mlango. Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Mama Mianda, simama wakuone, ulete karatasi yako. Nataka sahihi ya kwanza iwe yangu.