Oili Kichwani kwa Yunis

Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, benchi la kahawa karibu na stendi ya Lushoto lilikuwa na wenyewe watatu. Severin aliitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia wodi kule Tanga. Omari aliitwa Redio, na hakuhitaji betri. Wa tatu ni Tobia, jina la kijiweni Reli, aliyezunguka na gari moshi mpaka Tabora na Kigoma. “Na kote huko,” alipenda kusema, “nimerudi na kikohozi na kitana cha moto.” Kitana kile cha chuma, cha kupasha kwenye makaa, alimzawadia mkewe, Yunis. Sasa nywele za Yunis zilikuwa zikitoka utosini, ngozi ikibaki inang’aa. Kwaya ya kanisani alikwisha acha kwa aibu.

— Ni kitana chako, Reli, alisema Severin. Moto umeingia mpaka ndani ya fuvu. Niliyaona hayo wodini.

— Ukiwa na fagio, alisema Omari.

— Fagio lina macho.

— Si kitana. Ni ile dawa ya wadudu wanayopulizia kwenye mibuni. Inapanda na ukungu, inatafuta kichwa cha mwanamke kwa sababu kina mafuta.

— Na changu je? Tobia akavua kofia, upara ukatokea.

— Wewe ulishavunwa zamani. Au basi ni jini. Ulilipakia Tabora bila tiketi.

— Mimi mwenyewe tiketi sikuwa nayo.

Wakacheka. Tobia alicheka kuliko wote, kama kawaida yake akiwa na jambo linalomchoma.

— Ila oili yenu imefanya kazi, alisema. Ile oili chafu ya lori mliyonishauri, na chumvi. Mwaka jana alikuwa akijikuna mpaka damu. Nimempaka mara tatu, namshikilia mwenyewe. Siku hizi hajikuni, wala hasemi lolote.

— Nilikwambia, alisema Severin.

Mwisho wa benchi alikaa msichana aliyesubiri basi la Mtae. Alikuwa amewaamkia shikamooni, akasema anaitwa Dorkasi, muuguzi wa zahanati, kisha akanywa kahawa yake.

— Samahani, baba. Panapong’aa hivyo pamekuwa kovu, nywele hazioti tena. Lakini pembeni pakiwa bado panawasha au panauma, ugonjwa uko hai, na hospitali wanaweza kuuzuia usile zilizobaki. Kitana labda kimechangia, labda hapana. Oili inaunguza tu.

— Basi tumechelewa, alisema Tobia. Hapawashi tena.

— Amekwambia?

— Nimesema, hasemi lolote.

— Amenyamaza kwa kuwa hapawashi, au anaogopa utampaka tena?

Severin akatazama ndani ya kikombe chake. Tobia aliuona akilini mkono wa Yunis ukipanda kwenye kitambaa cha kichwani, kisha, Tobia mwenyewe akitokea mlangoni, ukishuka polepole na kurudi kwenye ungo wa maharage. Alikuwa ameuona hivyo mara nyingi. Alidhani ni nafuu.

— Mpeleke hospitali wiki hii, baba, alisema Dorkasi, na basi likapiga honi.

Tobia aliacha kikombe kimejaa, na kofia benchini, akashika njia ya mlimani kwake. Katika safari zake alikuwa ameuliza njia kwa watu wa kila kabila, akaelewana nao wote. Hili la kumuuliza mkewe kama panauma, hakujua aanze na neno gani.