Bwana Uji Anaondoka, Mzee Manyanda Ana Neno

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Venant Lusambo anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na miwili, kwanza kama muuguzi wa wodi ya wanaume, kisha kama mtaalamu wa tiba ya kuongea na kumeza, peke yake, katika kile chumba kidogo nyuma ya famasi. Mimi ni Mwanaiddi, muuguzi wa wodi hiyo hiyo, na nimepewa heshima ya kusoma wasifu wake hapa ukumbini. Kamati ya sherehe imenisihi niwe mchangamfu. Nitajaribu, ila siahidi, maana nimeamka na hasira na hata chai haikuzishusha.

Nizitoe mapema tuelewane. Kwenye ratiba ya kwanza ya sherehe hii kulikuwa na neno kutoka kwa mgonjwa, naye ni Mzee Manyanda wa Kasansa, yule pale mstari wa mbele mwenye koti la kahawia. Kwenye ratiba mliyoishika hayupo. Ameondolewa. Nilipouliza nikaambiwa mzee anaongea polepole mno na mgeni rasmi ana shughuli nyingine baada ya hapa. Jamani! Tunamuaga mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwarudishia watu maneno, halafu tunamnyamazisha mmoja wao ili tuwahi pilau? Eti mkwewe amsomee kwenye karatasi. Mzee amekataa. Ana swali moja tu la kumuuliza mgeni rasmi kwa mdomo wake mwenyewe, na amelifanyia mazoezi tangu mahindi yakiwa mabichi shambani: Bwana Venant akiondoka, nani anakaa kwenye kile chumba? Hadi asubuhi ya leo, hakuna aliyepangwa.

Haya, turudi kwenye wasifu. Venant alizaliwa Mwese, kwa wakulima wa mlimani, akasomea uuguzi, akaletwa kwetu akiwa kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Wodini aliona watu wa kiharusi wanaanza kuinua mkono, wanaanza kukanyaga, ndugu wanashangilia, halafu ghafla kifua kinabana na mtu anatutoka. Akaanza kuuliza chakula cha hawa watu kinapita wapi. Aliuliza kwenye vikao, aliuliza kwenye korido, aliuliza hata msibani. Wakubwa wakachoka, wakampeleka mafunzoni, na mimi nadhani kwa sehemu walitaka kupumzika. Alirudi anajua mengi zaidi na anapiga kelele zaidi.

Adui yake mkubwa alikuwa uji mwepesi. Nyie mnajua tulivyo. Mgonjwa akizidiwa, mapenzi yetu yote yanaingia kwenye hotpoti: uji mwepesi, sukari tele, analazwa chali, shangazi kamshika kichwa, na ukoo mzima unamwambia anywe apate nguvu. Kwa mtu ambaye koo limelegea, uji huo unashuka mapafuni. Venant alikuwa anasimama getini saa ya kuona wagonjwa, anafungua hotpoti za watu mfuniko kwa mfuniko. Hakuogopa mama mkwe wa mtu, hakuogopa mke wa mchungaji. Uji ukitiririka kwenye kijiko kama maji, ulirudi nyumbani. Wafanyabiashara wa sokoni ndio waliompa jina la Bwana Uji, naye alilipenda kuliko cheo chake. Ndugu waliobisha aliwalaza kidogo kwenye benchi, akawaambia wanyweshane maji wao kwa wao. Wakishapaliwa na kutokwa machozi, aliwauliza kwa upole kama wameshiba.

Mzee Manyanda aliletwa upande mmoja wa uso umeanguka na neno hata moja halitoki. Kiharusi kilitulia, akaruhusiwa, akarudi na kifua. Akatibiwa, akaruhusiwa, akarudi tena na kifua. Dawa zikabadilishwa, kitanda kikabadilishwa, mtu wa maombi akaja. Venant yeye alikwenda kusimama mlangoni saa ya chakula, akatazama tu.

Aliyekuwa anamlisha mzee ni Happiness, mke wa mwanawe Fredrick. Ni binti mwenye adabu zake, na adabu hiyo ndiyo iliyokuwa inammaliza mzee. Kwao mke wa mtoto hamkazii macho baba mkwe, sembuse kumchungulia mdomoni. Basi Happiness alikuwa anakaa pembeni, uso ameuelekeza ukutani, mkono unanyoosha kijiko kwa kukisia. Hakuona macho ya mzee yakitoka. Hakuona uji uliobaki shavuni kabla hajaleta kijiko kingine. Alimheshimu baba mkwe wake kwa moyo wote, na mzee alipaliwa kila siku.

Venant hakumgombeza Happiness. Alitoka nje akamfuata Fredrick, mwanamume mzima, mnunuzi wa ng'ombe minadani, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake chini ya dirisha akisubiri kuletewa habari za baba yake. Fredrick akajibu kwamba kushika kijiko cha uji ni kazi ya wanawake. Wallahi, wodi nzima ilisikia kilichofuata. Venant alimuuliza kama ndama akifiwa na mama yake huwa anaitiwa wanawake. Akamkumbusha kwamba ndama anashikwa mdomo kwa mikono miwili, anapewa maziwa kwa chupa, na mwenye ng'ombe haoni haya hata kidogo. Sasa baba yake amepungukiwa nini hata azidiwe na ndama? Fredrick aliingia wodini kichwa chini.

Alifundishwa kumketisha mzee wima, kukaa mbele yake usawa wa macho, kijiko kidogo, kusubiri koo lipande na kushuka ndipo alete kingine. Mara ya kwanza jasho lilimtoka kuliko mnadani. Happiness akabaki na kazi ya kukoroga uji mzito, akaufanya mzito kweli kweli, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Kile kifua hakikurudi tena.

Yakaja maneno. Hospitali ilikuwa na kadi za picha za msaada kutoka mbali, na mpaka leo nikizikumbuka nakasirika. Mtu wa Kasansa anaonyeshwa bwana anayeteleza juu ya barafu, eti ataje. Anaonyeshwa matunda ambayo hajawahi kuyaona. Halafu akinyamaza anaandikiwa kwamba hajui! Venant alizifungia kabatini, akachora mwenyewe: jembe, pikipiki, debe la mahindi, ng'ombe. Uchoraji hakujaliwa, tuambiane ukweli. Mzee Manyanda alikitazama kile alichoambiwa ni ng'ombe, akakigeuza, akakitazama tena, akakunja uso, na neno lake la kwanza tangu augue likatoka kwa hasira: mbuzi. Venant alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mzee alikuja kila kliniki kumkosoa michoro, na kwa kukosoa huko akarudi kuwa mtu wa kuongea. Polepole, ndiyo. Lakini anaongea yeye.

Ndiyo maana suala hili la ratiba limenikaba. Venant alipoliona alisema atabaki zake nyumbani Magamba akipukuchua mahindi, na pilau tule wenyewe. Nilikwenda mpaka nyumbani kwake kumbembeleza. Kuna mtu ameshakuja kupima mlango wa kile chumba ajue kama viti vibovu vya ukumbi vitapita, kigeuzwe stoo. Wodini kwangu, sasa hivi nikiwa nasoma hapa, kuna watu wanameza kwa kubahatisha. Tangu mwaka jana Venant amekuwa akiomba apewe mtu amfundishe kabla hajaondoka, hata mmoja, hata mbishi. Amejibiwa kwamba ombi lake linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi na nani? Wapi? Hivi tunangoja nini, azeeke halafu tumwite arudi na fimbo?

Nipunguze sauti, mama watoto wa Venant ananitazama. Dada Katarina, asante. Umepokea ndugu za wagonjwa sebuleni kwako kama ni wageni wako, umekoroga uji wa majaribio mpaka sufuria zimeungua, na hatukukuuliza kama umechoka. Kwa wagonjwa wote waliokula wakashiba bila kupaliwa, na ambao hawapo hapa kusema, tunakushukuru pamoja na mumeo.

Bwana Venant, kaka yangu, mgomvi wangu, umefanya kazi safi. Mwenyezi Mungu akujalie uzee wenye afya na shamba lenye mvua. Ule ukiwa umekaa wima, ulale bila kuitwa, na ukituona sokoni usitufungue hotpoti. Maisha yako ya mbele yawe mema kuliko tulivyokutendea siku hizi za mwisho.

Kamati ilinipa dakika kumi na tano. Nimesoma mbio makusudi, na zilizobaki ni zangu, kwa hiyo nampa nimtakaye. Mshereheshaji usinikonyeze, nimekuona. Mgeni rasmi, samahani sana, na tafadhali endelea kukaa.

Fredrick, mlete baba kwenye kipaza sauti. Nyie wengine, kabla hajaanza patakuwa na kimya, na katikati ya maneno patakuwa na kimya kingine, na kitawakera. Msimpigie makofi ya kumharakisha. Asitokee mtu wa kummalizia neno. Swali ni lake, na mwenye kulijibu amekaa meza kuu.