Glasi ya Gathoni

Marehemu Erastus Aketch alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ugunja, Siaya, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Tabby, dada mdogo wa mjane wake, Gathoni. Nimeambiwa nisitie chumvi. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1979. Hesabu zilimshinda, na hakuficha. Mwaka wa 1981 alikuja Thika, akaajiriwa katika kiwanda cha kusindika matunda. Alianza kwa kumenya mananasi na kustaafu mwaka wa 2016 akiwa msimamizi wa zamu.

Kiwandani ndipo watu walipomjua kwa kuinua glasi. Mwenzao akioa, akistaafu au akipata mtoto, ni Aketch aliyeitwa aseme neno. Kabla ya kusimama alizunguka akiuliza: nani amepika, nani ametoka mbali, nani anauguza mgonjwa. Kisha alisema jambo moja tu la kweli kuhusu mtu mmoja, akaketi soda ikiwa bado ina mapovu. “Ukiona watu wameanza kuangalia sahani,” alituambia, “umechelewa kukaa.”

Hapo kiwandani alikutana na Gathoni. Baba yetu, Mzee Wainaina wa Ngoliba, hakutaka kusikia habari za mkwe kutoka Siaya. Agosti 1987, siku ya ruracio, wazee walipokuja kuzungumza mahari, baba alikaa amenuna. Aketch akienda kutafuta maji ya kunawa aliingia mlango usio wake, akajikuta jikoni, uso kwa uso na mama mkwe. Wajomba zake walishika vichwa, maana kwao Wajaluo huo ni mwiko mkubwa. Ilipofika zamu yake ya kusema, tulidhani ataomba msamaha. Akainua glasi ya soda.

“Nimekosea mlango, lakini nimeona,” akasema. “Mama amesimama kwa moto tangu alfajiri akiponda viazi na mahindi ya mukimo. Naomba akae kwanza, ndio sisi tuongee.”

Baba aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akampelekea mama. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema kijana huyo hafai. Nilikosea, na nashukuru nilimwambia hivyo akiwa hai.

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakahamia Ruiru mwaka wa 1994, na Mungu akawajalia Austine, Calvince na Viola. Lakini kuna jambo lililomuuma dada yangu. Aketch alisifu kila mtu, hata aliyekuja kuzibua choo, isipokuwa mke wake. Siku ya harusi yao wenyewe alisifu wapishi! Gathoni alimuuliza mbele yangu, “Na mimi, glasi yangu iko wapi?” Akajibu, “Yako bado naipanga. Nikisema mbiombio nitaiharibu.” Aliipanga miaka thelathini na sita. Dada alikuwa akicheka, lakini najua kuna siku alilia.

Tarehe 9 Februari 2024 Aketch alipatwa na kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Gathoni aliniambia, “Tabby, sasa yangu imeenda.”

Viola alipopanga harusi yake, alikataa mtu mwingine asimame badala ya babake. Kwa miezi minne, akisaidiwa na mtaalamu wa mazoezi ya kusema, Aketch alijifunza sentensi moja: “Viola, nakutakia heri.” Tarehe 7 Desemba, ukumbini Kamakis, alisimama, glasi ikiwa katika mkono wa kushoto. Tukangoja. Mwendesha sherehe akataka kuweka muziki, Viola akamkataza kwa mkono. Ndipo Aketch akamgeukia mke wake.

“Gathoni,” akasema. Akavuta pumzi. “Ni wewe. Ni wewe tu.”

Akakaa. Viola alikuwa analia na kucheka. “Hiyo ilikuwa yangu, Baba,” akasema, “lakini sawa.” Ukumbi mzima ulisimama isipokuwa dada yangu.

Aketch alifariki tarehe 20 Mei 2025 nyumbani Ruiru, Gathoni akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, wana wawili, binti mmoja, wajukuu wanne, ndugu watano, na shemeji huyu mwenye mdomo. Juzi nilimuuliza dada niongeze nini hapa. Akafikiri kidogo, akasema, “Waambie alinipa yangu.”

Nimewaambia. Aketch, pumzika kwa amani.