Mchele wa Matanga

Bamama na bapapa, nawasalimu wote. Leo sitacheka sana, mnivumilie.

Mwaka 2017 bwana yangu, aliyekuwa mlinzi, alianguka ngazini kazini akavunjika mguu. Kazi ikaishia hapohapo. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja mtaa wa Jeppestown, huku ukimbizini, sisi na watoto watatu. Cherehani yangu ilileta kidogo, na kidogo hicho kikamezwa na kodi. Shirika moja la kusaidia wakimbizi likanipa kadi. Kila mwanzo wa mwezi wanaijaza, unaenda nayo supamaketi, unanunua chakula tu. Ikiisha, unangoja mwezi mwingine.

Ndugu zangu, nawaambia, kadi ile ilinichoma mkono. Mara ya kwanza keshia aliiinua juu akamwuliza mwenzake kwa sauti, "Hii ya chakula cha msaada inapitishwa vipi?" Foleni nzima ikanigeukia. Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja wa hapa kanisani. Nikamwambia keshia amekosea, hii ni kadi ya benki, bwana amepata kazi mpya. Tangu siku hiyo nikawa navaa kitenge changu cha harusi kwenda kununua unga.

Halafu mmoja wetu akafiwa na mama yake kule Bukavu, tukaweka matanga hapa. Mnajua desturi yetu: kila familia inataja italeta nini, na Jumapili orodha inasomwa mbele ya watu wote. Ningeweza kusema nitakuja kuosha vyombo. Nikasema mchele kilo ishirini na tano, mafuta, na kuku wanne. Kadi ilikuwa imejazwa juzi yake. Ikaisha siku hiyo.

Jina letu liliposomwa mlipiga makofi, nami nikatabasamu kama mke wa waziri. Kwenye matanga sahani zikarudi na wali nusu, nikaumwaga kwenye pipa kwa mikono yangu mwenyewe. Eish! Mpaka leo nauona wali ule.

Wiki ya tatu binti yangu wa katikati alianguka darasani. Mwalimu akaniita, akauliza mtoto amekula nini asubuhi. Nikajibu, mkate na maziwa. Mtoto alikuwa amekaa pale pale. Aliniangalia, akainamisha kichwa, akanisaidia kudanganya.

Nilirudi nikakaa mlangoni nalia. Jirani yangu, gogo mmoja Mzulu, bibi wa miaka mingi, akaniuliza kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga kuna nini. Nikamwonyesha kadi yangu. Akavuta uzi shingoni, akatoa yake, ile ya wazee ya serikali.

"Na mimi nanunua kwa hii," akasema. "Wewe unamficha nani?"

Watoto wangu walikula ugali na maharage kwake mpaka mwezi ulipoisha.

Na hapa? Habari zilipofika hapa nilisikia, "Kumbe wale wanakula vya msaada." Ndiyo. Hata ninyi mlivila. Wali ule ulikuwa wa watoto wangu. Bado nina uchungu, siwafichi. Lakini kuku wanne niliwataja kwa mdomo wangu, hakuna aliyenilazimisha, na hilo linaniuma kuliko maneno yenu.

Leo bwana anatembea, amerudi kazini, kadi nimeirudisha. Namshukuru Mungu. Namshukuru yule gogo, ambaye hajui hata jina la kanisa letu. Nawashukuru wawili kati yenu mlioleta unga bila kuuliza maswali.

Nina ombi moja tu. Ile orodha acheni kuisoma. Mwenye kitu akiweke jikoni, basi. Maana humu ndani leo yupo mtu aliyefunga kadi yake kwenye leso, chini kabisa ya mkoba. Simjui, wala sitamtafuta. Dada yangu, Jumamosi kuna matanga. Njoo mikono mitupu. Mimi nitakuwa nyuma kwenye masufuria, tutaosha pamoja.