Bi Twaiba Mangi na Daftari la Zamu

Asalaam aleikum wasikilizaji wapendwa, na kwa wenye salamu nyingine, hamjambo. Mlioko madukani Ukunda, mlioko Msambweni, na nyinyi wa Jego mnaosikiliza huku mnapika, nawakaribisha. Mimi ni Mapenzi Chirau. Mmenizoea kwa kucheka. Leo msinisubiri nicheke, maana hata chai niliyowekewa hapa imepoa sijaigusa.

Tunamkumbuka Bi Twaiba Mangi. Bi Twaiba Mangi, mtengeneza karatasi wa Msambweni. Amefariki Jumatatu kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na amezikwa siku ile ile baada ya alasiri. Nimekaa hapa studio na binti yake, Ummi. Yeye ndiye aliyekuja Jumatano kuniomba kipindi hiki. Aliniambia, "Dada Mapenzi, nataka wewe ndiye umzungumzie mama." Nikakubali. Kisha nikaenda msalani nikajifungia.

Niwaambie mapema, nisiwazungushe. Nina jambo la kusema kuhusu Bi Twaiba, na nimeogopa kulisema kwa miaka minne. Nikilisema, huenda leo nikakosa nyumba. Nisipolisema, yule mama atabaki kaburini na jina lisilo lake. Nitalisema. Lakini kwanza mumjue alikuwa nani.

Bi Twaiba alitengeneza karatasi kwa mikono yake. Ndiyo, karatasi. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza niliuliza, kwani zimeisha madukani? Alikata shina la mgomba, akalichemsha kwa maji ya majivu, akalitwanga kwenye kinu mpaka likawa uji. Akachanganya na madaftari ya shule yaliyoisha, yale ambayo watoto wenu huyatupa. Uji ule aliuteka kwa fremu ya mbao iliyowambwa chandarua kikuukuu. Maji yakashuka, karatasi ikabaki juu. Akaibandika ukutani kwenye jua. Rangi alitia kwa hina na manjano. Akishazikausha alizishona kwa uzi wa mshipi wa kuvulia, akavalisha jalada la kipande cha leso. Ukilishika daftari la Bi Twaiba, hutaki kuliweka chini.

Na hakutengeneza ili ayaweke kabatini. Alianzisha daftari la zamu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Daftari linakaa kwako wiki moja. Unaweka ukurasa wako. Mwenye kuchora achore, mwenye kubandika jani abandike, mwenye kuandika jinsi mama yake alivyopika mkate wa sinia aandike. Wiki ikiisha unampelekea mwenzako kwa mkono wako, si kwa kutuma mtu. Ndilo lililokuwa sharti. Lazima uingie kwake, umwamkie, ukae. Nilijua nyumba za wanawake kumi na mmoja kwa sababu ya daftari lile.

Ummi anasema, "Mama alikuwa hawezi kupita jalala akaliacha. Atarudi na gunia la makaratasi kichwani, sisi watoto tunaona haya. Anatuambia, hili mnaloonea haya ndilo mtakaloandikia."

Sasa kuna kitu kimoja lazima mkielewe, nami nitakisema mara mbili. Pwani hii karatasi haikai. Mende na mchwa hawakuachii. Na gundi ya Bi Twaiba ilikuwa ya unga wa muhogo, chakula cha wadudu hicho. Kwa hiyo alitia mrututu. Mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima huyachanganya na chokaa wakapulizia mimea. Mrututu ni sumu. Bi Twaiba alituambia sote kumi na wawili, tena si mara moja, "Ukimaliza na daftari, nawa mikono. Na watoto wasitie mdomoni." Nasema tena. Alituonya. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio haya.

Mbwana, fundi wetu wa mitambo, ananionyesha kidole kule kwenye kioo. Anauliza kama aweke wimbo. Mbwana ndugu yangu, usiweke. Nikinyamaza sasa sitaanza tena.

Miaka minne iliyopita, daftari lilikuwa kwangu. Zamu yangu. Humo ndani Bi Twaiba alikuwa ameniandikia ukurasa wa zawadi, dua yenye jina la binti yangu Husna katikati, kwa wino wa manjano. Husna alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa na homa siku ya tatu. Dawa niliyonunua dukani nikimpa, anatapika. Ilikuwa adhuhuri, mume wangu Ramadhani yuko kwenye duka lake Ukunda, nyumbani Msambweni tuko wawili, mimi na mtoto anayeungua. Macho yake yalianza kupinduka. Wazazi mnaonisikiliza mnaijua hofu ile. Huna akili. Unashika chochote.

Nikaukumbuka utoto wangu. Tukiugua, bibi yangu alimwita mwalimu wa chuoni, wa madrasa. Anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, inaoshwa kwa marashi, tunanywa. Hilo ndilo kombe. Wengi wenu mmelinywa, na wazee wetu wamelinywa. Mimi siku ile mwalimu sina, zafarani sina. Nina maandishi ya manjano ya dua mkononi, yana jina la mwanangu.

Nikaukata ule ukurasa. Nikauloweka kwenye bakuli. Maji yakageuka manjano, na pembeni yakakaa ubuluu kidogo. Niliuona ule ubuluu, wasikilizaji. Leo sidanganyi. Niliuona, nikajiambia ni rangi ya bakuli. Nikamnywesha mwanangu mafunda matatu.

Mimi ndiye niliyemnywesha. Mimi, Mapenzi Chirau. Si mtu mwingine.

Nusu saa haikufika. Husna alianza kutapika, na alichokitapika kilikuwa na rangi ya kijani iliyoingia buluu. Sijawahi kuona kitu kama kile kikitoka kwa mtu. Nikapiga ukelele. Majirani wakaja. Wakaniuliza, "Amekula nini?" Nikaogopa. Nilimwogopa Ramadhani, niliwaogopa wale waliosimama mlangoni, niliiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikasema, "Sijui. Alikuwa akichezea daftari la Bi Twaiba."

Maneno hayo tu. Alikuwa akichezea daftari la Bi Twaiba. Nikambeba mtoto, nikapanda bodaboda, nikaondoka.

Habari zikamfikia Bi Twaiba. Alikuja kwangu mbio akakuta mlango wazi, akakuta bakuli, akakuta ukurasa wake umelowa ndani. Akaelewa yote hapo hapo. Aliyamwaga yale maji, akaliosha bakuli, akalifunika. Kisha akaja hospitalini, leso imemvuka begani, viatu hana. Akamshika muuguzi mkono, akasema, "Mtoto ana mrututu tumboni. Umo kwenye karatasi zangu." Muuguzi akajua la kufanya. Kabla ya hapo walikuwa wakimtibu malaria. Mwanangu yuko hai kwa sababu Bi Twaiba alikwenda kusema kitu ambacho mimi, mama yake, nilikificha.

Aliponitazama, nilitazama sakafu.

Baada ya siku tatu Husna akatoka hospitali. Ilikuwa Ijumaa. Na neno lilikuwa limeshatembea. Bi Twaiba anatia uchawi kwenye vitabu. Anavipeleka nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana lazima apeleke kwa mkono. Mnajua neno hilo huwafanya nini wazee huku kwetu. Baada ya sala watu wakakusanyika. Mume wangu alikuwa mbele, amebeba galoni ya mafuta ya taa. Alidhani anampigania binti yake. Nilimwona akitoka na ile galoni. Nilikuwa nimesimama uani, Husna nimempakata. Sikumzuia.

Walichoma banda la karatasi. Fremu, magunia, madaftari saba yaliyokwisha, na daftari letu la zamu ambalo mimi mwenyewe nililitoa walipolitaka. Ummi alikuwa ndani ya nyumba. Anasema, "Nilijificha chini ya kitanda. Mama alisimama mlangoni. Nilimshika gauni kwa chini nikimvuta, hasogei. Anayesikia leo atasema alikuwa jasiri. Mama aliogopa, dada. Nilisikia meno yake yakigongana. Alijikojolea pale pale aliposimama. Lakini hakuondoka, kwa sababu nilikuwa ndani."

Mzee Boga, mzee wa mtaa, Mungu amjaalie umri, alikuja akajitia kati yao na ule mlango. Akamwuliza mbele za watu, "Twaiba, umeweka nini kwenye karatasi?" Akajibu, "Nimeweka mrututu kwa ajili ya wadudu. Nilisahau kuwaonya."

Nilisahau kuwaonya. Kumi na wawili tuliokuwa kwenye kikundi tulijua huo si ukweli. Tulionywa. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja aliogopa kuambiwa ni mwenzake. Na mimi nilijua zaidi yao, kwamba hata bila onyo mtoto hawezi kupata sumu ile kwa kuchezea jalada.

Mzee Boga aliwarudisha watu makwao siku ile, lakini miaka minne Bi Twaiba ameishi hivyo. Watu wakimwona wanahamia upande wa pili wa barabara. Ummi anasema mama yake alikuwa akiegemeza kinu mlangoni hata saa nne za asubuhi. Pikipiki ikisimama nje, anakaa chini mbali na dirisha. Alirudi kutengeneza karatasi, bila mrututu, hata zikiliwa. Kila baada ya miezi michache alishona daftari jipya la zamu na kulipeleka kwa mmoja wetu. Hakuna aliyelipokea. Akiliacha kizingitini, jioni analikuta limerudishwa kwake.

Nilimwendea mara moja tu. Nilijifunika ushungi nisijulikane, ona aibu hiyo. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Husna hajambo?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikalia. Nikamwambia nataka kusema. Akasema, "Ukisema leo, mumeo atakuacha, na mtoto utanyang'anywa. Mimi wameshanichomea. Lakini usinifanye kizee cha kusifiwa, Mapenzi. Mimi ninaogopa kila siku. Ukiwa tayari, sema. Mimi sitakusemea." Nikaondoka. Nikajiambia mwezi ujao. Nikajiambia baada ya mfungo wa Ramadhani. Nikajiambia Husna aingie shule kwanza. Ameingia. Sasa yuko darasa la pili, na Bi Twaiba yuko kaburini.

Kwa hiyo nasema tena, kwa wale waliofungua redio sasa hivi. Bi Twaiba Mangi wa Msambweni hakuwa mchawi. Hakumpa mtu sumu. Aliwaonya watu wote aliowapa madaftari yake. Aliyemnywesha mtoto ni mama yake mtoto, ambaye ni mimi. Aliyemwokoa mtoto ni Bi Twaiba. Na aliyewaacha watu wachome banda lake ni mimi.

Ummi yuko mbele yangu. Hajalia. Anaisogeza maikrofoni kwake. Ummi mdogo wangu, sema utakalo.

"Nilijua," anasema Ummi. "Nilijua tangu siku ile. Mama alirudi kutoka hospitali akaniambia yote, akaniapisha nisiseme. Mama amekufa, kiapo kimekwisha. Nimekuja nione kama utasema. Usingesema, ningesema mimi, kwenye maikrofoni hii hii. Umesema. Sijui kama nimekusamehe. Nitakwambia nikijua."

Nimesikia, Ummi. Sikulaumu hata kidogo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa rambirambi kwa Ummi, kwa ndugu na jamaa wote wa marehemu, na kwa wote waliojifunza kwake. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsitiri kama alivyonisitiri mimi nisiyestahili. Wanawake wenzangu kumi na mmoja, nawajua mnasikiliza, na sitawataja. Khitma ni kesho nyumbani kwake. Nendeni kwa miguu yenu, kwa mkono wenu, muingie ndani mkae. Na wewe ambaye leo unasikia jirani akiitwa jina lile, mwulize aliyelileta: wewe ulikuwepo? Umeona nini hasa? Mwulize kabla ya Ijumaa, kabla galoni haijashikwa.

Nilitaka kuishia hapa. Lakini simu ya studio inawaka tangu niliposema mimi ndiye niliyemnywesha mtoto, na Mbwana amevua vifaa vyake vya masikioni, ananitazama vibaya. Anasema anayepiga ni Ramadhani, kutoka dukani. Anauliza akate?

Usikate, Mbwana. Unganisha.

Asalaam aleikum, Baba Husna. Uko hewani.