Nicanor Gona Munga, Fundi wa Gia Asiyeitikia Salamu

Wazee wetu shikamooni, mama zetu shikamooni, majirani zetu Waislamu wa Chaani na Likoni asalaam aleikum, na wa kanisani Bwana asifiwe. Mimi ni Agneta, dada yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, nimeiandika kwa mkono wangu, kurasa tatu. Naomba ile spika ya nje izimwe, walio jikoni waweke sufuria taratibu, na tafadhali sana mtu asinisalimie hapa katikati, salamu zote nitazipokea nikimaliza, na sababu mtaisikia.

Nicanor Gona Munga alizaliwa hapa hapa Magogoni, Kisauni, tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Munga na marehemu mama Sidi, na mama alikuwa akisema alipozaliwa hakulia, alinyamaza akawatazama watu, mkunga akampiga kofi mara tatu ndipo akatoa sauti, kwa hivyo tabia ya kutojibu watu alikuja nayo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974, katika hesabu akiwa wa kwanza na katika adabu mwalimu akiandika kwamba mzazi afike, na mwaka 1976 akaingia chuo cha ufundi, akasoma miaka miwili kazi ya kukereza na kuchonga chuma.

Mwaka 1978 aliajiriwa kiwandani Changamwe, akakaa mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1994, na tarehe 3 Mei 1995 akafungua karakana yake Chaani, akawa anatengeneza gia, puli, shafti na meno ya cheni, yaani vile vyuma vinavyochukua nguvu ya injini na kuipeleka kwenye mashine ifanye kazi. Kazi yake ilikuwa safi, hilo hakuna wa kubisha, ila mteja akileta gia moja iliyovunjika alimrudisha nyumbani, hata kama ametoka Likoni na mzigo kichwani, akimwambia, "Niletee na mwenzake anayeumana naye, mimi sichongei gia mjane."

Alimuoa Roseline, binti Musyoka, tarehe 17 Desemba 1988, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kadzo aliyezaliwa mwaka 1990 na Clifford aliyezaliwa mwaka 1994, na Roseline ananiruhusu niseme kwamba siku ya harusi bwana harusi alichelewa saa mbili kwa sababu ya shafti.

Sasa nafika tarehe 12 Machi 2009, siku ya Alhamisi, ambayo wengi hapa mnaijua kwa upande mmoja tu. Kuchonga gia, kila jino fundi anazungusha mkono wa mashine na kuhesabu matundu kwenye sahani ya chuma ya mashine hiyo, akikosea tundu moja jino linatoka nene, linalofuata linatoka jembamba, na chuma chote kinakuwa cha kutupa. Marehemu alikuwa kwenye jino la mwisho kabisa la gia kubwa aliyoifanyia kazi siku nne, ndipo akapita mzee Abdulghani, muuza mbao wa mlango wa pili, akamsalimia, na marehemu kwa heshima akaitikia, na salamu za kwetu mnazijua, haziishi kwa neno moja, akaulizwa nyumbani, akaulizwa watoto, akaulizwa mguu wa mama, na alipomaliza kusema alhamdulillahi hesabu ilikuwa imepotea, akakisia, akaharibu. Badala ya kunyamaza akamfuata mzee wa watu mpaka kwenye mbao zake, akamwambia, "Mzee, salamu yako imenilia siku nne!" na mzee Abdulghani akamjibu, "Basi kuanzia leo nitamsalimia mbuzi wako, yeye ana adabu."

Tangu siku hiyo marehemu akiwa kazini hakuitikia salamu ya mtu yeyote, awe mzee, awe padri, awe chifu, alikuwa anainua tu juu ile chaki ya kutilia alama meno ya gia, na Chaani nzima ikasema Gona amepata pesa anaringa, na dada yake Agneta, yaani mimi, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, mpaka alipochoka, akamwambia kaka yake ama aitikie watu ama ahamie porini. Marehemu alifikiria wiki nzima, kisha badala ya kubadilika akamnunulia dada kiti, akamweka mlangoni mwa karakana, awe anaitikia salamu kwa niaba yake.

Agneta alikaa kwenye kiti hicho kuanzia Januari 2010, na siku moja zilipita salamu arobaini, jioni marehemu akauliza ni nani na nani, dada akasahau nusu, wakagombana. Ndiyo maana mwaka 2016, akiwa na miaka hamsini na moja, Agneta aliingia darasa la ngumbaru Chaani, akajifunza kusoma na kuandika, na tangu hapo kila jioni mashine ikizimwa alimsomea kaka yake majina ya waliosalimia kutoka kwenye daftari, na marehemu, mikono imejaa grisi, aliitikia moja moja kwa sauti, waaleikum salaam mzee Abdulghani, na mguu wako je, na mzee Abdulghani akiwa upande wa pili wa ukuta alikuwa anajibu kwa kukohoa.

Binti yake Kadzo alifanya kazi naye tangu mwaka 2012, akajua kila kitu, lakini baba hakumwachia achonge gia peke yake hata siku moja, na akiulizwa alisema, "Huyu ana adabu nyingi mno, ataitikia watu," jambo lililomliza Kadzo mara nyingi, na wengine tulimwambia wazi kwamba anamwonea, akarudi kwenye mashine yake.

Tarehe 28 Mei mwaka huu wa 2025 alianguka karakanani, mapafu yamemshinda, akiwa ndiyo kwanza amemaliza jino la thelathini na moja katika meno hamsini na mbili ya gia ya mashine ya kukandia unga ya Mwanatabu, mwenye tanuri la mikate kule Shika Adabu, Likoni. Akalazwa, na akiwa kitandani akatoa amri mtu asiguse ile mashine, na daktari akimwambia habari ya asubuhi anainua kidole, manesi wakadhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anahesabu matone ya dripu. Mwanatabu alikuja kumuona, akamwambia, "Kaka, wewe pona kwanza, hiyo gia si kitu," halafu akaongeza, "lakini wanawake wangu wanakanda kwa mikono wiki ya pili sasa, mabega yamekwisha."

Jumanne tarehe 10 Juni jioni, marehemu alimwita dada yake karibu, akamwambia aandike, na haya ndiyo maneno aliyoyasema: "Kadzo aanze jino la thelathini na mbili, alama ya chaki ipo, na wewe usitoke mlangoni." Alifariki kesho yake Jumatano, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomvumilia, majirani wa Magogoni, mafundi wenzake wa Changamwe, Mwanatabu aliyeleta mikate ya matanga yote ikiwa imekandwa kwa mikono, na mzee Abdulghani, ambaye mbao za jeneza hili zimetoka kwake na hakutaka kusikia habari ya bei.

Jumatatu saa mbili asubuhi Kadzo anawasha mashine, mimi nitakuwa kwenye kiti changu, mwenye salamu anipe mimi.

Kaka, tangu asubuhi watu wamepita mbele yako wakakusalimia, na wewe kama kawaida yako hukumjibu hata mmoja. Majina yote nimeyaandika, yamejaa kurasa sita. Mimi nakwenda sasa, kazi ipo, lakini gia ya Mwanatabu ikishatoka nitarudi hapa nyumbani, kaburini kwako, jioni na daftari, nikusomee jina moja moja. Mpaka hapo pumzika kwa amani, hakuna atakayekukatiza hesabu.